Kundi la Mtaa: Kesho Uchaguzi Mdogo

Kijana wa Dukani: Asalaam aleikum wanakundi. Kesho naona hata foleni haitakuwepo. Jimbo letu hili, ukisimamisha mgomba unashinda 😂

Maalim: Waaleikum salaam. Maneno hayo ndo huwalaza watu majumbani. Konde, huko Pemba, ilikuwa ngome ya ACT-Wazalendo. Mbunge wake alifariki Mei 2021, uchaguzi mdogo wa Julai 18 akatangazwa wa CCM. Akajiuzulu hajaapishwa, ukarudiwa Oktoba 9, kiti kikarudi ACT. Miezi mitatu haikutimia.

Shangazi: Kadi ya kura ya ZEC, hii Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, inafaa au wataka nyengine?

Maalim: Inafaa, shangazi. Kiti cha Bunge la Dodoma hichi, si cha Baraza la Wawakilishi la Chukwani, kwa hiyo msimamizi ni Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Lakini daftari la ZEC ndo linalotumika. Njoo na kadi yenyewe, si picha ya kwenye simu.

Kijana wa Dukani: Na sie mawakala?

Maalim: Kituo hufunguliwa saa 1, nyie mufike saa 12 na barua zenu. Sanduku lioneshwe tupu, ndo lipigwe lakiri. Namba za lakiri ziandike, usizitie kichwani. Vitabu vya kura vivyo hivyo, namba ya karatasi ya mwanzo na ya mwisho. Jioni: mulipokea 400, zimebaki 150, zimeharibika 3, sandukuni ziwemo 247. Zikiwa 260, maruhani wamepiga kura.

Kaka wa Wete: Musichanganye iliyoharibika na iliyokataliwa. Mtu akikosea, akairudisha akapewa nyengine, ile imeharibika na haiingii sandukuni. Iliyokataliwa imo sandukuni, ila alama yake haieleweki. Ukiitoa mara mbili hesabu inagoma, watu wakaanza kutukanana saa 4 usiku bure.

Kijana wa Dukani: Nikikataa kusaini fomu ya matokeo?

Maalim: Hakufuti matokeo. Andika pingamizi lako, na usitoke bila ya nakala ya 21B, ndo fomu ya matokeo ya ubunge ya kituo. Kule kwenye majumuisho hujumlishwa fomu za vituo vyote. 81 ikigeuka 181 utaijuaje huna karatasi? Picha iliyotikisika haisomeki.

Kaka wa Wete: Na asitoke mtu kwenda kula. Dakika 20 nyingi.

Shangazi: Boflo na maharage nitaleta mie mpaka mlangoni.

Maalim: Ahsante shangazi. Ile kanga ya chama tu uiache nyumbani, watakurudisha.