Mawakala wa kazi Kampala wanatuuzia matangazo ya bure, na hakuna anayewagusa

Ndugu zangu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Mji huu umejaa ofisi zinazojiita mawakala wa ajira ambazo kazi yao si kutafuta kazi. Biashara yao ni sisi wenyewe, tunaohangaika na bahasha za kaki mkononi.

Unaingia jengo la maduka katikati ya mji, unapanda ngazi mpaka ghorofa za juu, unakuta mlango wa kioo, dada mmoja mezani na benchi limejaa vijana. Hakuna anayekuuliza unajua kufanya nini. Swali la kwanza: umekuja na pesa ya fomu? Mimi nilitozwa shilingi 50,000. Fomu yenyewe ni karatasi moja iliyopigwa fotokopi mpaka maandishi yamefifia: jina, simu, namba ya kitambulisho, barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji au mtaa), dini. Dini, kwa kazi ya kutunza stoo! Ukishamaliza hiyo, kuna mafunzo, nayo yana ada yake. Halafu "nenda nyumbani, utapigiwa."

Kinachoniuma zaidi ni risiti. Ninayo hapa mbele yangu. Haisemi popote kwamba nimelipia kutafutiwa kazi. Imeandikwa "ushauri", na chini yake umegongwa muhuri mwekundu: pesa hairudishwi. Ukirudi kudai, unajibiwa kwamba ulilipia ushauri na ushauri ulipewa. Watu hawa walikaa chini wakapanga.

Na ile nafasi waliyonisomea kwenye simu kwa sauti ya chini, eti ni ya ndani, haijatangazwa? Niliikuta usiku uleule kwenye tovuti ya kazi, bure, neno kwa neno, mpaka jina la mtaa wa Ntinda lilivyokosewa herufi. Tofauti ilikuwa moja: kwenye tovuti kulikuwa na anwani ya mwajiri, kwa wakala kulikuwa na namba ya wakala. Yaani kazi yote waliyoifanya ni kumficha mwajiri.

Wakala wa kweli analipwa na anayetaka mfanyakazi. Hili si wazo langu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unasema wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa pale nchi imeruhusu kwa sababu maalumu. Mantiki yake hata mtoto anaielewa. Anayelipwa na mwajiri atahangaika kutafuta mtu anayefaa, maana asipompata halipwi. Anayelipwa na benchi anataka benchi lijae kila asubuhi. Ukipata kazi, amepoteza mteja!

Sheria yetu ya Ajira ya 2006 inataka wakala awe na kibali. Basi kibali kiwekwe ukutani, pale mtu anapokiona kabla hajatoa pesa. Ofisi niliyokwenda mimi ukutani kulikuwa na kalenda na picha ya majengo ya Dubai.

Tovuti nazo zina uchafu wake, sitazipamba. Matangazo yaliyokwisha muda yanaachwa yaozee hapo. Tangazo moja linanakiliwa tovuti hadi tovuti, tarehe ya mwisho inabadilika njiani. Mabaya kuliko yote ni yale ya "mteja wetu anatafuta", bila jina la kampuni, na ukiyafuata unarudi kwa mawakala walewale wa ghorofani. Wenye tovuti wanaweza kulimaliza hili wakitaka: asiyetaja mwajiri asibandike. Tena kutafuta kwenyewe si bure. Tangu Julai 2021 kila bando tunalonunua lina ushuru wa asilimia 12, na Facebook, ambako matangazo mengi yalikuwa yanapita, ilifungwa hapa Uganda Januari mwaka huohuo. Mtu asiye na kazi analipa kodi ili aone kama kuna kazi.

Hata hivyo kwa kazi za hapa nchini nitabaki na tovuti. Nikiona jina la mwajiri natafuta ukurasa wake mwenyewe, napiga simu ya ofisi yao, nauliza. Kwa yule dada wa mezani hakuna cha kuuliza.

Kyeyo, yaani kwenda kufanya kazi nje ya nchi, ni habari nyingine, na hapa nawaomba sana msinielewe vibaya. Kwenda Uarabuni kwa tangazo la WhatsApp ni hatari. Kuna Waganda wenzetu waliofuata ofa za mtandaoni za kazi ya kompyuta Thailand wakajikuta wamefungiwa Myanmar wakilazimishwa kutapeli watu. Kwa nje, pitia kampuni yenye leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na jina lake ulitafute kwenye orodha ya wizara wewe mwenyewe, usioneshwe na wao. Na hata hao wenye leseni wabanwe. Januari 2016 serikali ilisimamisha kupeleka wasichana wa kazi za ndani Saudi Arabia kwa sababu ya mateso. Pasipoti ukishampa mtu bila kusoma mkataba, umempa kila kitu.

Wiki ijayo napeleka risiti yangu kwa afisa wa kazi. Najua nikienda peke yangu nitaambiwa nisubiri. Kama una risiti ya "ushauri", "usajili" au "mafunzo" kutoka ofisi za namna hii, sema hapa umelipa kiasi gani na lini, usitaje jina la mtu wala namba ya simu. Tukiwa wengi tutaingia pamoja. Na nyie mnaofanya kazi humo ndani, mnaosoma huu uzi, nijibuni hili moja tu: mwezi uliopita mlimpeleka nani kazini?