Mrejesho: mifuko ya pweza ya kilo 2

Asalaam alaykum. Niliuliza namna ya kuchagua vipande vya pweza ili kila mfuko ufike kilo 2 bila kuzidi sana. Tuko Wete, Pemba. Ahsanteni nyote.

Ule ushauri wa kuanza na kipande kikubwa kisha kujazia vidogo ni mwepesi, hata kompyuta hauhitaji, lakini mifuko ya mwisho ilizidi ovyo. Uliotufaa ni ushauri wa yule aliyesema tuweke vipande 14 mezani, kila kimoja kimepimwa, programu ijaribu michanganyiko yote. Ni 16,383 tu, jibu linatoka papo hapo. Inachagua unaofika gramu 2,000 na kuzidi kidogo kuliko yote, kisha tunajazia meza vipande vipya. Chujeni maji kabla ya kupima, la sivyo hesabu ni bure.

Siku za bamvu (maji yanapojaa na kupwa sana), wakija pweza wakubwa watupu, bado inagoma: hakuna mchanganyiko unaokaribia. Hapo tunakata mnyiri (mkono wa pweza) mmoja mmoja, na mnunuzi hapendi.

Anayeitaka programu aseme. Imeandikwa kwa Python, lugha ya kompyuta, mistari haifiki thelathini.