Krenki ya 4G63 turbo ya kufika 8,500 rpm: nibaki na 88, niende 100, au ninunue mpya?

ngarenaro_4G:

Wakuu habari za jioni.

Nina 4G63 turbo, injini ya silinda nne ya Mitsubishi Lancer Evo, iko kwenye stendi, imefunguliwa mpaka krenki (shafti inayozungushwa na pistoni). Gari ni la rali za vumbi na kupanda mlima huku Arusha, siyo la kuendea kazini. Nataka limita ikae 8,500 rpm (mizunguko kwa dakika), busti yaani presha ya turbo baa 1.6. Konrodi (fimbo za kuunganisha pistoni na krenki) za kufuliwa za milimita 150 zenye bolti za mbio za ARP ninazo tayari. Pistoni sijanunua, ndiyo maana nauliza sasa hivi na siyo baadaye.

Krenki nina njia tatu. Ya kwanza ni hii hii ya kiwandani, straoki (safari ya pistoni kutoka juu hadi chini) milimita 88. Shingo, zile sehemu za duara zinazokaa kwenye bering, zinang'aa, ila shingo namba 2 ya konrodi ina mkwaruzo unaoshika kucha. Ya pili ni ya 4G64, injini ndugu ya hii, straoki 100, used, nimeiona dukani na bei yake ni nzuri. Ya tatu ni mpya ya kufuliwa, chuma cha aloi 4340, ya kuagiza nje, ipo ya 94 na ya 100. Bei yake inazidi hizo mbili kwa mbali.

Mafundi niliowauliza wamegawanyika, na hakuna aliyenipa namba. Naombeni majibu yenye vipimo.

sakina_boost:

Mkuu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya pistoni, maana straoki ndiyo inayoamua pistoni gani ununue.

Anza na spidi ya wastani ya pistoni: straoki kwa mita, zidisha kwa 2, zidisha kwa rpm, gawanya kwa 60. Ukiwa 8,500, straoki ya 88 inakupa mita 24.9 kwa sekunde. Ya 94 inakupa 26.6. Ya 100 inakupa 28.3. Kwa injini ya turbo ya kukimbia siku nzima vumbini, mimi sivuki 25 au 26. Maana yake ya 94 ningeifungia limita 8,000, na ya 100 ningeifungia 7,500. Ukiinunua ya 100 halafu ukaipeleka 8,500, unadai kutoka kwake kitu ambacho ya 88 inakupa kirahisi.

Ila wastani hausemi yote. Kinachong'oa bolti za konrodi ni ule mvuto wa pistoni inapofika juu kabisa na kugeuka, hasa kwenye mzunguko wa kutoa moshi ambapo hakuna mlipuko wa kuisukuma irudi chini. Chukua pistoni, pini, ringi na ncha ya juu ya konrodi, jumla kama gramu 600. Kwa straoki 88 na konrodi 150, ukiwa 7,000 rpm mvuto huo ni kama tani 1.9. Ukiwa 8,500 ni kama tani 2.75. Ongezeko la rpm ni asilimia 21 tu lakini mzigo umepanda asilimia 47, kwa sababu unakwenda kwa mraba. Ya 100 kwenye hiyo hiyo 8,500 inafika tani 3.2. Na mzigo huo unabebwa na bolti mbili na kepu ya konrodi (kifuniko cha chini kinachoishikilia kwenye krenki), karibu mara 71 kila sekunde kwa kila silinda.

Halafu kuna urefu. Bloku ya 4G63 ina milimita 229 kutoka katikati ya mein (shingo kuu ambazo krenki inazungukia) mpaka juu. Toa 44, nusu ya straoki. Toa konrodi 150. Zinabaki 35 za pistoni, kutoka katikati ya pini hadi juu, nafasi ya kutosha kwa ringi zote na ukuta mnene juu ya ringi ya kwanza. Ukiweka 100 zinabaki 29. Pini inasogea juu kuelekea ringi ya oili, na mafundi pistoni wanaanza kukatakata nafasi. Pia konrodi inalala zaidi na kuisukuma pistoni kwenye ukuta wa silinda, na chini ya silinda itabidi utindue kidogo ili bolti za konrodi zipite. Krenki ya 4G64 ilikusudiwa bloku yake yenyewe, ambayo ni ndefu zaidi kwa milimita 6.

Kwa 8,500 jibu langu ni 88 ya kiwandani, kama itapita vipimo. Ni ya kufuliwa, na kwa nguvu unazotafuta siyo yenyewe inayokatika kwanza.

makuyuni_gravel:

Nakubaliana na hesabu za mkuu hapo juu, ila nahoji lengo lenyewe. Rali ya vumbi haishindwi kwa 8,500. Ukitoka kwenye kona ya mchanga gia ya pili, unahitaji nguvu kuanzia 3,500. Straoki ya 100 kwenye boa (kipenyo cha silinda) ya 85 inakupa sisi 2,270 badala ya 1,997, asilimia 13 na zaidi ya moshi wa kuzungusha turbo mapema. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje iko karibu baa 0.86, kwa hiyo turbo inazunguka kwa kasi zaidi kuliko Tanga pwani ili geji isome busti ile ile, na inachelewa kuamka. Injini kubwa inalifidia hilo.

Mimi ningechukua ya 94 mpya, limita 7,800, na turbo ya wastani.

sakina_boost:

Mkuu makuyuni, hoja yako ina uzito, na kwa gari la rali tupu ningeweza kukufuata. Ila mwenye mada anapanda mlima pia, na ukishachagua turbo kubwa ya juu, rpm ndizo zinazokuokoa kubadili gia katikati ya kona. Pia bajeti: tofauti ya bei ya ile 94 ndiyo inayonunua dampa nzuri (puli yenye raba mbele ya krenki), bering za mbio na kazi ya mashine.

Jambo moja nilisisitize kwa wote: rpm na busti haziui mahali pamoja. Rpm zinavuta kepu ya konrodi kwenda juu. Busti inasukuma chini. Mlipuko wa baa 120 juu ya pistoni ya milimita 85 ni kama tani 7, zinazotua kwenye bering ya juu ya konrodi na bering za chini za mein. Injini ikinoki, yaani petroli ikilipuka ovyo, zile tani 7 zinakuwa nyundo. Kwa hiyo ukikuta bering za juu za konrodi zimepondeka na za kepu ziko safi, usilaumu krenki, rudi kwenye tyuni na petroli.

Mzee wa Lethi, Moshi:

Vijana wameeleza vizuri. Mimi nitasema ya mashine tu.

Mkwaruzo unaoshika kucha haupolishiki. Kupolishi kunatoa maikroni chache, basi. Ukilazimisha kuufuta kwa msasa, shingo inakuwa na kiuno, na bering hapo haishiki oili. Kabla ya kuamua kusaga, fanya hivi.

Osha krenki mpaka iwe kavu kabisa, kisha itafutiwe nyufa kwa sumaku. Kama hupati mashine ya sumaku, ile rangi nyekundu ya kupenya ambayo wachomeleaji wanaitumia kukagua welding inasaidia, ingawa inaona ufa uliofika juu tu. Tazama sehemu mbili: rediasi, yaani mviringo wa kona ambapo shingo inakutana na ukuta, na midomo ya matundu ya oili. Ufa unaanzia huko. Ukiona ufa kwenye kona, hiyo ni chuma chakavu, usimsikilize anayekwambia utasagika.

Iweke juu ya vitalu vya V kwenye mein ya kwanza na ya tano, geji ya saa kwenye mein ya tatu, zungusha polepole. Ikisoma zaidi ya milimita 0.03 kwa mbio hizi mimi siikubali bila kunyooshwa.

Shingo pima kwa maikromita sehemu mbili za upana, kila sehemu pande mbili. Mein ni milimita 57, konrodi 45. Na usipime krenki iliyotoka juani: chuma cha 57 kikizidi joto la maikromita kwa nyuzi 20 kinakudanganya milimita 0.013, na hapo ndipo hesabu ya pengo la oili kati ya shingo na bering inapopotea. Vilaze vyote ndani usiku mzima.

Ukiwa tayari na namba, zilete hapa.

ngarenaro_4G:

Shikamoo mzee, na asanteni wote.

Nimepima asubuhi, krenki na maikromita vimelala chumba kimoja. Mein zote ziko kati ya 56.98 na 56.99. Konrodi namba 1, 3 na 4 ni 44.98. Namba 2 ni 44.96, na pale kwenye mkwaruzo ni chini zaidi. Mein ya tatu geji imesoma 0.02. Nyufa kwa rangi sijaona. Je, niisage namba 2 peke yake?

Mzee wa Lethi, Moshi:

Marahaba. Mein ziache, zipolishiwe tu. Shingo za konrodi usage zote nne, milimita 0.25, na ununue seti moja ya bering ya 0.25. Ukisaga moja utakaa na bering za saizi mbili, na siku ya kubadilisha uwanjani mtu atachanganya.

Mwambie fundi wa mashine mambo mawili kabla jiwe halijagusa chuma. Kwanza, rediasi ya kona ibaki ile ile. Jiwe lenye kona kali linaacha ukingo mkali, na krenki itakatika hapo hapo kwenye 8,000, hata kama shingo inang'aa kama kioo. Pili, akimaliza avunje makali ya midomo ya matundu ya oili, kwa mkono, kisha apolishi krenki ikizunguka upande ule ule inaozungukia kwenye injini.

Kama krenki imenitraidiwa (imegumishwa ngozi kwa nitrojeni tanurini), ngozi ile ngumu ni nyembamba, na kusaga kunaweza kuimaliza. Dondosha tone la kopa-amonia kloridi la asilimia 10 kwenye pembe ya shingo iliyosafishwa. Ikigeuka rangi ya shaba ndani ya sekunde 10, ngozi haipo tena. Basi inarudishwa tanuri la nitraidi, ikitoka inapimwa unyoofu upya, maana joto linaweza kuipinda.

Na wanaonunua krenki mpya wasikilize hili pia. Nyingi za mbio zina rediasi kubwa kuliko ya kiwandani. Ukifunga bering ya kawaida, ukingo wake unapanda juu ya ile kona. Ukiifungua utaona mstari mwembamba unaong'aa pembeni mwa bering. Nunua bering zilizopunguzwa ukingo.

sakina_boost:

Naongezea vipimo vya kufungia. Konrodi acha pengo la milimita 0.045 hadi 0.055, mein 0.05 hadi 0.06, na oili yenye namba 50 mwishoni, ile ya uzito ikiwa moto. Presha ya oili ikiwa moto itafutwe psi 10 kwa kila rpm 1,000. Plastigeji (uzi wa plastiki unaobanwa ili kupima pengo) tumia kuhakikisha tu, kipimo cha kweli ni geji ya boa ndani ya bering ikiwa kepu imekazwa kwa toki. Ukiweka stadi za ARP kwenye mein badala ya bolti, kepu inakaa tofauti: pima upya matundu ya mein, na yakiwa yamepoteza duara yahoniwe kwa mstari mmoja. Kuruka hatua hii kunapoteza injini nyingi kuliko krenki mbovu.

Balansi shafti, zile za kutuliza mtikisiko, zitoe zote. Mkanda wake ukikatika unaingia kwenye taimingi belti, na hapo valvu zinakutana na pistoni. Ukizitoa, geuza bering zake ili zizibe matundu ya oili, la sivyo presha inavujia humo.

Dampa usiiondoe ukaweka puli ya alumini tupu. Krenki inajisokota na kujirudisha kwa kila mlipuko, na raba ya dampa ndiyo inayomeza msokoto huo. Kama unabaki na ya zamani, piga mstari wa rangi kuvuka raba, kutoka ringi ya ndani hadi ya nje. Mstari ukihama baada ya mbio chache, raba imeachia.

Kubalansi: injini ya silinda nne za mstari haihitaji vipande vya uzito kwenye shingo. Krenki peke yake kwanza, kisha ongeza puli, flaiwili na kava ya klachi kimoja kimoja. Pistoni na konrodi zilingane ndani ya gramu moja. Na usikubali mtu anayetaka kunoa mapande ya uzito ya krenki ili iwe nyepesi, mzigo wake unahamia mein.

makuyuni_gravel:

Basi nimekubali 88. Ila klachi je? Evo ya mbio huwa na klachi ngumu, na inaisukuma krenki kwa urefu wake kila ukikanyaga.

Mzee wa Lethi, Moshi:

Ndiyo, thrasti (bering inayozuia krenki isiende mbele na nyuma) iko mein ya tatu na ndiyo inayobeba. Kabla ya kukaza kepu hiyo, igonge krenki mbele na nyuma kwa nyundo ya raba ili nusu mbili za thrasti zilingane, ndipo ukaze. Mchezo wa mbele na nyuma uwe 0.10 hadi 0.20, uandike kwenye daftari. Injini ikishafungwa, pima tena kwenye puli, mtu akikanyaga na kuachia klachi. Namba ikikua mwezi hadi mwezi, fungua kabla vumbi la thrasti halijaingia kwenye oili. Pia hesabu bolti za flaiwili: zipo krenki za bolti 6 na za bolti 7, na konrodi zake haziuzwi kwa kubahatisha.

Mwisho, krenki ikitoka kusagwa matundu ya oili yamejaa unga wa jiwe. Piga brashi nyembamba yenye dizeli kila tundu mpaka itokee upande wa pili, kisha maji moto ya sabuni, kisha hewa, kisha oili hapo hapo kabla haijashika kutu. Siku ya kuwasha toa plagi zote, zungusha kwa stata mpaka geji ya oili ipande, ndipo urudishe plagi.

ngarenaro_4G:

Nimeelewa mzee. Krenki inakwenda kusagwa Jumatatu, 0.25 konrodi zote nne. Pistoni naagiza za milimita 35 kutoka pini hadi juu.