Tupeane uzoefu: umeme ukibana, serikali inavyowageukia wachimba Bitcoin

Msela wa Mafiati
Wadau habari za saa hizi, kamwene kwa wa Iringa, mugonile kwa wa huku kwetu.

Nimeleta huu uzi sababu juzi hapa Mwanjelwa kwenye fremu yangu ya kutengeneza kompyuta kaja bro mmoja anataka nimsaidie kuagiza mashine za kuchimba Bitcoin (kompyuta maalum zinazopiga hesabu mchana na usiku, zinakula umeme kweli kweli, na malipo yake ni hiyo hela ya mtandaoni), anasema Bwawa la Nyerere limeshakamilika, megawati 2,115, umeme upo wa kumwaga sasa hivi ndo muda wake. Nikamuuliza Iran unajua yaliyowakuta? Hajui. Venezuela je? Kimya, anaangalia simu.

Kwa kifupi Iran ilikuwa hivi. 2018 Marekani inarudisha vikwazo, rial inaporomoka, watu wanatafuta pa kuficha thamani ya hela yao na umeme kwao ni wa bei ya kutupa, basi kila mwenye kachumba kanaunguruma. 2019 serikali ikaona isiwe tabu, ikahalalisha, chukua leseni lipia umeme kwa bei ya juu kidogo chimba. Ikaja 2021 ukame, mabwawa yakapungua maji, umeme unakatika mpaka Tehran, mwezi wa 5 rais Rouhani akatangaza marufuku kwa wote hadi mwezi wa 9, mwenye leseni na asiye na leseni wote zima mashine. Mwaka juzi yake ulikuwa mwekezaji, leo wewe ndo unayewalaza wenzio giza.

Sasa mimi nataka waliowahi kuguswa na haya mambo, ndani au nje ya nchi. Story za itapanda itapanda pelekeni kwingine.

Mnyalukolo wa Ipogolo
Nogage mkuu. Hapo kwa Wairani umenigusa, mi nilikuwa Dubai kipindi hicho, napakia mizigo pale Deira kwenye majahazi yanayovuka kwenda kwao. Tulikuwa tunapakia kila kitu, matairi, friji, chai, na kuanzia 2019 hivi kukawa na maboksi mazito ambayo tunaambiwa ni spea za kompyuta yapakie katikati juu weka majani ya chai. Mashine hizo.

Nilikuwa na mwana tunafanya naye kazi, mtu wa Shiraz, kaka yake huko kwao alikuwa na banda la kuku. Sasa kule umeme wa kilimo na ufugaji una ruzuku kuliko hata wa nyumbani, ye akatoa nusu ya kuku akaweka mashine, zile kelele za feni zinajichanganya na feni za banda, na joto la mashine wakati wa baridi anawaelekezea vifaranga. Kichwa kile kingekuwa Tanzania angekuwa mbunge. Alikula vizuri karibu miaka miwili, ndo aliyekuwa anasomesha wadogo zake wote maana mshahara wa baba yao ambaye ni mwalimu ulikuwa umebaki jina.

Kilichomkamatisha sio mitambo wala nini. Serikali ilitangaza zawadi ya hela kwa atakayetaja mchimbaji wa kificho, na kwenye njaa ile unategemea nini? Jirani alihesabu kuku wanaotoka kwenda sokoni na bili ya umeme ikawa haiendani, kwisha habari. Wakabeba mashine zote, faini juu, na umeme wa banda ukakatwa kwa hiyo hata kuku waliobaki wakafa. Mwana alilia pale gatini mbele ya watu na sisi tukaendelea kupakia tu maana nahodha anapiga kelele.

Ninachotaka kusema ni kwamba wakati huo huo kule Rafsanjan kulikuwa na mgodi mkubwa wa Wachina na Wairani wenye leseni, ule ulizimwa tu kwa muda. Wa banda la kuku alibebewa mpaka nyaya.

Parachichi Gang
Njombe hapa. Sisi hatujawahi hata kuishika hiyo mashine kwa mkono, na bado tulipigwa.

2021 China ilipofukuza wachimbaji wote, Sichuan, Inner Mongolia, Xinjiang kote zima, mashine zikamwagika duniani kwa bei ya chini na nyingi zikavuka mpaka kuingia Kazakhstan maana ni jirani na umeme wao wa makaa ya mawe ni rahisi. Tukiwa na hela ya parachichi msimu ule tukachanga washkaji tukanunua mashine kupitia kampuni moja ya nje, wao wanakaa nazo kule wanalipia umeme, sisi tunaangalia tu kwenye simu inaingia. Na ilikuwa inaingia kweli, sio utapeli. Kazakhstan ilifika ya pili duniani nyuma ya Marekani, karibu 18% ya uchimbaji wote.

January 2022 tuko kwenye msiba Makambako, mwenzetu anafungua simu anaona sifuri. Tukajua mtandao wa Makambako. Kumbe kule gesi ya magari imepandishwa bei watu wakaingia barabarani, serikali ikakata intaneti nchi nzima. Intaneti ikarudi tukashangilia, mwisho wa mwezi huo huo wakakata umeme kwa wachimbaji wote, gridi imezidiwa na baridi kali, wananchi kwanza. Kampuni ikasema subirini, baadae ikasema mashine zinahamishwa, baadae namba haipatikani.

Hapo utamshtaki nani na wapi? BoT (Benki Kuu) ilishatoa tangazo toka November 2019 kwamba hizi hela hazitambuliki hapa. Ukienda polisi unaanzia wapi maelezo.

Da Uyole
Mimi naona mnaongelea serikali za mbali, ngoja niwape ya serikali ya nyumbani kwangu, na serikali yenyewe ni mimi.

Nina nyumba ya vyumba vya kupangisha huku Uyole. Chumba na sebule nikampa kijana mstaarabu sana, shikamoo mama asubuhi jioni, anasema anafanya kazi za mtandaoni. Umeme tunachangia LUKU (mita ya kulipia kabla) moja, kila chumba kinatoa hela sawa maana wote ni wapangaji wa taa, tivi na pasi. Na tulikuwa kwenye ile bei ya watumiaji wadogo, ya shilingi 100 kwa uniti, sharti usizidi uniti 75 kwa mwezi.

Wiki ya kwanza tu uniti zinaondoka hatuelewi. Nikahisi mama mwenye mtoto mchanga anapikia jiko la umeme usiku, tukanuniana naye bure mtoto wa watu. Chumba cha yule kijana kinavuma mchana usiku kama mashine ya kusaga, nikimuuliza anasema ni feni mama mi nasikia joto. Joto! Uyole! Mwezi wa 6! Watu tunalala na blanketi mbili ye anasikia joto. Siku hiyo nikaenda kugonga, kufungua mlango hewa ya moto imenipiga usoni, dirisha kalitoboa katia bomba la bati, na kitu kidogo tu cha chuma kama boksi la viatu kiko sakafuni kina feni mbele na nyuma. Ukuta wa upande ule rangi imeshaanza kubanduka.

Na sisi tukawa tumeshahamishwa bei, tukapelekwa kwenye ile ya 292 ambayo ukiweka kodi ni kama 356, elfu kumi ambayo zamani ilikuwa inakaa sasa inapata uniti 28. Kikao kilikaa ukumbini wapangaji wote, kijana anatuelezea eti mama hii ndo ajira ya vijana, mi nikamwambia ajira yako tunailipia mshahara sisi? Nikatangaza marufuku siku hiyo hiyo, bila Bunge.

Msela wa Mafiati
😂😂 Da Uyole umeua. Ila ngoja niweke hesabu ili wale wanaotaka kuagiza waelewe. Huyo atakuwa alikuwa na S9, aina ya zamani ya mashine za kuchimba, inakula kama wati 1,350. Masaa 24 ni uniti 32 na kitu. Zile 75 za mwezi mzima yenyewe inazimaliza siku mbili na robo. Kwa bei ya 356 ni kama elfu 11 na nusu kila siku inayokucha, na S9 hata kipindi kile China imezima na ushindani umepungua ilikuwa inaokota hela ya namna hiyo hiyo tu. Maana yake faida yote ya kijana ilikuwa inatoka kwenye mifuko ya wapangaji wenzake.

Na Iran, Venezuela, Kosovo ni hiyo hiyo. Kosovo January 2022 wamezima wakiwa kwenye dharura ya umeme, mashine nyingi zilikamatwa kaskazini ambako watu walikuwa hawalipi bili toka vita ya 1999. Ukiona mtu anachimba nyumbani kwa mashine kuukuu na anapata, jua kuna mtu mwingine anayelipa umeme.

Mzee wa Chunya
Ndo nilikuwa nasubiri mtu aseme. Mi naziunga mkono hizo serikali. Sisi wa dhahabu ukichimba bila leseni unafukuzwa na hakuna anayekuonea huruma. 2023 kwenda 2024 hapa mgao ulivyotukamata, plant inalala, welding zimelala, saluni zimelala, halafu aje mtu aseme anachimba hela ya kwenye hewa na umeme huo huo?

Mnyalukolo wa Ipogolo
Mzee wangu shikamoo, ila swali langu ni nani anazimiwa. Venezuela mwezi wa 5 2024 wamekamata mashine 2,000 Maracay wakasema nchi nzima marufuku, kulinda gridi. Sawa. Lakini kabla ya hapo waliweka taasisi ya kutoa leseni, na bosi wa taasisi hiyo alikamatwa 2023 kwenye kashfa ya hela za mafuta zilizopitia kripto (hela za mtandaoni kama Bitcoin). Mchimbaji aliyelipia leseni kihalali ofisini kwa huyo bosi naye akaambiwa zima. Gridi ile ilishakufa toka 2019 nchi nzima giza kwa siku kadhaa, hiyo nayo walizima wachimba Bitcoin?

Mzee wa Chunya
Marahaba. Hapo sina jibu. Lakini bado hospitali kwanza.

Truck la Tunduma
Fupi tu niko foleni Nakonde. Zambia 2024 bwawa la Kariba limekaribia kukauka, umeme sehemu zingine masaa matatu kwa siku, Kapiri tunalala kwenye giza na jenereta zinaunguruma. Nikaambiwa kule Zengamina, Ikelenge, kulikuwa na kijibwawa kidogo ambacho hakikuwa kwenye gridi na jamaa walikuwa wanachimba Bitcoin na umeme unaobaki, na hawakusumbuliwa sababu walikuwa hawamnyang'anyi mtu. Angola ndo usijaribu, 2024 wametunga sheria ni jela, na mwaka uliofuata, 2025, Interpol wakatangaza vituo 25 na Wachina 60 wamedakwa. Foleni inasogea.

Fundi wa Ludewa
Truck kanikumbusha. Mimi nimefanya kazi kwenye mtambo mdogo wa maji huku kwetu, hii mikoa yetu ina mingi ya vijiji na ya misheni. Watu wa nje hawajui usiku inakuwaje. Saa nne watu wamelala, mzigo umeshuka, lakini maji yanakuja vile vile na tabaini (mashine inayozungushwa na maji) lazima ipewe kazi la sivyo inakimbia, kwa hiyo umeme wa ziada tunautupa kwenye heater zilizozamishwa majini. Unakaa pale na chai unaangalia umeme unachemsha maji ya mto mpaka asubuhi.

Alikuja mtu kutoka Dar na laptop, akatuonyesha Bondo kule Mulanje, Malawi, kwamba mashine zinakula ule wa ziada na mtambo unapata hela ya matengenezo. Kitaalamu sikuwa na ubishi nae, mashine inazimika kwa kitufe watu wakiamka kusaga. Wazee wa kamati wakauliza swali moja tu, BoT wanasemaje. Akasema BoT walikataza ila rais alishawaambia 2021 wajiandae na hela hizi, na kweli 2024 serikali ikaja kuweka kodi ya 3% ukiuza. Mzee mmoja akasema kwa hiyo haitambuliki ila inakatwa kodi? Kikao kikaishia hapo, tunaendelea kuchemsha mto.

Dogo wa Kihesa
Mi nachimba kwenye simu, kuna app unabonyeza kila siku. Serikali haiwezi kunikamata.

Msela wa Mafiati
Dogo simu haichimbi kitu, hapo unabonyeza tu na wao wanauza macho yako kwenye matangazo. Wakianza kukudai elfu hamsini ya "kuongeza kasi" kimbia.

Da Uyole
Samahani nawakatisha. Yule kijana aliondoka usiku na kodi ya miezi yangu, kile kiboksi kakiacha. Kiko stoo na waya wake mnene. Kina bei?

Msela wa Mafiati
Dada hiyo S9 kwa sasa hata ukiipa umeme wa bure inaokota senti. Ila power supply yake nzima naichukua, mafundi wa redio huku wanazitafuta. Niletee na feni. Hicho kipande cha aluminiamu kilichobaki wape wa chuma chakavu pale Sae.

Da Uyole
Kesho saa tano nakuja. Rangi ya ukuta nitamdai nani?