Nimefuta adhE, mbona ethanoli inatoka ileile?

bintiwete
Assalaam alaykum. Niko Wete, namalizia mradi wa mwaka wa mwisho kwa kompyuta tu, maabara sina. Nataka bakteria wa E. coli watoe asidi laktiki kwa wingi, hii inayochachusha mtindi, maana ndiyo inayotengenezewa plastiki ya PLA.

Natumia COBRApy, programu ya kukokotoa mimenyuko ya kemikali ndani ya seli, na ile modeli ndogo ya E. coli yenye mimenyuko 95. Nimeipa glukosi 10 (milimoli kwa gramu ya seli kwa saa), oksijeni nimeifunga kabisa. Ukuaji ukaja 0.21 kwa saa, ethanoli 8.28. Nikafuta adhE, yaani b1241, kwa sababu kila ninaposoma naambiwa ndiyo jeni ya ethanoli. Nikaendesha tena: 0.21, 8.28. Hata nukta haikusogea! Nimerudia mara nne baada ya isha, nikamwita kaka yangu aangalie kama nimekosea herufi, mpaka umeme ukakatika. Na nimesoma kwamba bakteria halisi akikosa adhE hakui kwa glukosi pasipo oksijeni. Nisaidieni, nimekwama kwelikweli.

fundi_modeli
Waalaykum salaam mdogo wangu. Herufi hukukosea. Fungua kanuni ya jeni, yaani orodha ya jeni zinazouendesha, kwenye mmenyuko ACALD, ule unaotoa asetaldehaidi, ambayo ndiyo hugeuzwa ethanoli. Utakuta b0351 *au* b1241. Hiyo "au" ndiyo iliyokukesha. Nyumba ina mlango wa barazani na mlango wa uani, wewe umetia komeo wa barazani peke yake.

b0351 ni mhpF. Kwenye seli halisi imo katika kundi la jeni za kuvunja misombo mingine, haiwashwi kwa glukosi. Modeli haina habari ya swichi wala ya wingi wa vimeng'enya. Kwake jeni ikiwepo, inafanya kazi kwa nguvu zote. Ndiyo maana chupa ya maabara inasema hili na kompyuta inasema lile.

Futa b1241 na b0351 kwa pamoja. ALCD2x, hatua inayofuata, ina jeni tatu, na adhE ni mojawapo, lakini zilizobaki usihangaike nazo: asetaldehaidi isipokuwepo, ethanoli itatoka wapi?

mwani_mwekundu
Naongeza moja, dada. OptKnock, njia ya kompyuta ya kuchagua jeni za kufuta, ilipotoka mwaka 2003 ilipendekeza kwa ajili ya laktiki kuondoa adhE na pta, jeni ya njia ya asetati, na mwaka 2005 watafiti kina Fong wakalijaribu kwenye bakteria wenyewe, wakawaacha wazaliane na kubadilika mpaka wakakua vizuri. Kwa hiyo njia yako si ya kubahatisha. Ila usifurahie kiwango cha juu cha laktiki. Shikilia ukuaji kwenye kilele chake, halafu uliza kiwango cha *chini* cha laktiki kinachowezekana. Kikija sifuri, ujue bakteria bado ana kichochoro cha kukukwepa, na mpango wako haujakamilika. Hili wengi wanaliruka, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote.

bintiwete
Allah awalipe kheri nyote. Nimefuta zote mbili alfajiri hii: ethanoli sifuri, ukuaji umeshuka chini ya 0.21. Nilipiga kelele mama akatoka jikoni.

Sasa nimefungua pta kwa akili mpya. Mmenyuko wake ni PTAr: b2297, ndiyo pta, *au* b2458. Hiyo ya pili ni eutD. Nazifuta pamoja, kisha napima kiwango cha chini.