Msaada: PostgreSQL inagoma kupokea wanachama kutoka Excel

mtu_wa_uyole: Habari wakuu. Nahamisha daftari la wanachama wa SACCOS yetu kutoka Excel kwenda PostgreSQL (programu ya database): jina, simu, NIDA, tarehe ya kujiunga, akiba. Nikiendesha `\copy` (amri ya kumimina faili la CSV, yaani maandishi yaliyotenganishwa kwa mikato) inakata na kusema `invalid byte sequence for encoding "UTF8": 0x92`. Nikafungua CSV kwa Notepad, nikaihifadhi upya kwa UTF-8 (mfumo wa kuandika herufi). Likaja jingine: `date/time field value out of range: "13/04/2021"`. Jedwali bado tupu.

chapuchapu: Mkuu, futa mistari yenye tarehe korofi, ingiza iliyobaki. Hizo chache utajaza kwa mkono.

MamaSeva: Usithubutu! Mistari inayogoma ndiyo inayokusaidia. Seva yako inasoma tarehe kimarekani, mwezi kwanza, na mwezi wa 13 haupo. Aliyejiunga 05/04/2021 atapita kimyakimya na kuandikwa 4 Mei, na hutakuja kujua. Tarehe utaweka sawa kwa `SET datestyle = 'ISO, DMY';` kabla ya `\copy`, kwenye kikao hichohicho.

Ila mimi nisingeingiza moja kwa moja hata kidogo. Tengeneza jedwali la muda ambalo kila safu ni `text`, mimina faili zima humo, kisha hamishia kwenye jedwali halisi kwa SQL (lugha ya database): `to_date(tarehe, 'DD/MM/YYYY')`, na akiba `replace(akiba, ',', '')::numeric`, maana wahasibu na mikato ya elfu hawaachani. `\copy` kwa kawaida haijui nusunusu, mstari mmoja ukikataa yote inarudi nje.

ngosha_data: Hiyo 0x92 ni alama ya ng' iliyopinda, ya Windows-1252 (mfumo wa zamani wa herufi). Majina yetu Wasukuma ndiyo yanaumia hapo. Jina likinakiliwa kutoka Word linakuja na alama iliyopinda, likichapwa kwenye Excel linakuja na iliyonyooka. Kwa database hao ni Ng'wandu wawili tofauti, ukitafuta mmoja mwingine haonekani. Wanyooshe wote: `replace(jina, chr(8217), '''')`.

mtu_wa_uyole: Asanteni, imeingia yote kwenye jedwali la muda. Lakini simu zimekuwa `2.55713E+11`, wengi namba ileile! NIDA nazo baadhi hivyohivyo.

MamaSeva: Hapo Postgres haina kosa. Excel ikihifadhi CSV huandika kinachoonekana kwenye seli. Simu za tarakimu 12 bado ziko nzima ndani ya faili asili la Excel (xlsx): badili safu iwe namba isiyo na desimali, hifadhi CSV upya, mimina tena.

NIDA ni msiba. Ina tarakimu 20, Excel inashika 15. Zilizochapwa bila vistari, tano za mwisho ziligeuka sifuri palepale, na hakuna SQL ya kuzirudisha. Zenye vistari zilihifadhiwa kama maandishi, hizo ni salama. Safu ya NIDA nayo ibadili iwe namba isiyo na desimali kama ya simu. Ukishamimina upya, `WHERE nida LIKE '%00000'` itakupa orodha ya kufuatilia.

chapuchapu: Kumbe. Nafuta kauli.

mtu_wa_uyole: Simu zimekaa sawa. Kwa NIDA, fomu za karatasi zipo kabatini, naanza na wenye mikopo.