Mrejesho: Yule wa miaka 41 aliyetaka kubatizwa

Wakuu, mwaka jana niliuliza kama mtu wa miaka 41 asiyewahi kubatizwa anaweza kuanza mafundisho ya Kikatoliki bila kuonekana kituko. Wengi mliniambia niache kuzunguka mbuyu, niende kwa katekista. Nilienda.

Darasani nilikuwa mzee kuliko wote. Katekista mwenyewe ananiamkia shikamoo. Ila kilichonishika hasa ni jumuiya. Hizi jumuiya ndogondogo za waumini wa mtaa mmoja, ambazo maaskofu wa AMECEA (umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa kanda ya Afrika Mashariki) walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970, mimi nilidhani ni za michango tu. (Michango ipo, nisidanganye.) Jumamosi saa 12 asubuhi tunasali uani kwa mtu, viti vya plastiki, kuku wanapita katikati. Mama alipolazwa, walifika wodini na chupa ya uji kabla ya ndugu zangu.

Mkesha wa Pasaka nikapokea vyote kwa mpigo: ubatizo, kipaimara, komunyo. Maji yaliniingia sikioni, nta ya mshumaa ikanidondokea kidoleni, wala sikuisikia.

Baba bado hajasema neno. Juzi tu kaniuliza, misa ya kwanza huwa inaisha saa ngapi.